Kurasa Nane za Profesa

2 Machi

Shemeji Profesa,

Salamu nyingi. Dada yako hajambo, yuko kwenye cherehani yake, anasema umekonda kwenye magazeti.

Nakala ya *Raia na Dhamira* niliyokuomba imefika. Toleo la tatu, jalada gumu, picha yako nyuma umeshika kidevu. Hongera. Kidevu kimetoka vizuri. Nimekianza kitabu kutoka mwisho, ndiyo kawaida yangu. Sisi watunga faharasa hatusomi kama watu. Tunaanza na ile orodha ya maneno ya nyuma, tunaona kila neno limepangiwa ukurasa gani, ndipo tunarudi mbele kutazama mwandishi alikuwa anasema nini. Nimeona umetumia faharasa yangu ileile ya toleo la kwanza bila kuniuliza. Sina neno. Mtu akivaa shati lako mara tatu, ujue linamkaa.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Ni mpwa wako.

Unajua yuko kule ofisi ya makazi, karani, mwaka wa sita huu. Mwezi uliopita aliletewa orodha ya nyumba arobaini na tatu za nyuma ya soko, kila moja imeandikwa "haikaliwi", yeye aweke sahihi tu zikabomolewe. Mwenzake angesaini akaenda kunywa chai. Huyu wetu akavaa viatu, akaenda kugonga. Milango arobaini na mmoja ikafunguliwa. Mmoja aliufungua mzee mwenye povu la sabuni mpaka masikioni. Mtoto akarudi ofisini, akaandika juu ya orodha: "Nyumba hizi zina watu. Sisaini. Tazama *Raia na Dhamira*, ukurasa wa 112."

Bosi wake akakitafuta kitabu. Wanacho, toleo hilihili jipya. Akafungua ukurasa wa 112, akakuta sura inaitwa "Subira kama Fadhila".

Sasa amesimamishwa kazi kwa makosa mawili: kukataa amri, na kudanganya kwa maandishi. La kwanza lingeishia kwenye onyo. La pili ndilo la kufukuzwa. Na si kazi yake peke yake, shemeji. Wakishathibitisha kwamba alidanganya kuhusu ukurasa, watasema alidanganya kuhusu milango pia, na wale watu watabomolewa nyumba povu likiwa masikioni.

Kamati ya nidhamu inakaa tarehe 15. Tunakuomba sentensi moja: "Katika toleo la kwanza, ukurasa wa 112, niliandika kwamba raia anayepewa amri dhalimu lazima akatae." Kisha sahihi yako. Nasikia siku hizi inafungua mpaka milango ya serikali.

Ni mimi shemeji yako,
Mtunga Faharasa


5 Machi

Mpendwa Shemeji,

Barua yako imenikuta katikati ya majukumu mazito. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi.

Niseme kwanza kwamba binti yetu ana moyo safi, na moyo safi usipoongozwa huwa hatari. Pili, sentensi uliyoniandalia ina kasoro ya kinadharia. Huwezi kuchukua kauli ya kitabu ukaibandika juu ya orodha ya nyumba kama stempu. "Dhalimu" ni neno lenye historia. "Lazima" ndiyo kabisa.

Tatu, kitabu ni kiumbe kinachokua. Aliyeandika toleo la kwanza alikuwa mwalimu msaidizi mwenye njaa na suruali moja, aliyedhani kila mwenye ofisi ni mwizi. Ninamheshimu kijana yule, lakini siwezi kumsemea.

Naomba pia uelewe kipindi nilichomo. Mwisho wa mwezi watatangazwa wajumbe wa Tume ya Taifa ya Maadili, na mtu fulani ambaye si mbali na mimi anatajwa kuwa mwenyekiti. Kila ninachoandika sasa kinasomwa na macho mengi. Faida nitakayoleta nikiwa ndani ya Tume ni kwa maelfu. Je, ni haki kuihatarisha kwa ajili ya mtu mmoja? Huo ni mfano mzuri wa kufikirishia, siku moja tuujadili.

Ushauri wangu: aombe radhi. Nimeambatisha rasimu. Aseme alichanganya vitabu.

Wako katika haki,
Profesa wa Falsafa ya Maadili na Siasa,
Mkuu wa Kitivo


8 Machi

Shemeji,

Nimeisoma rasimu ya radhi. Imeandikwa vizuri sana. Inaonyesha uzoefu.

Nami sina kisomo cha kujadili nadharia na wewe. Shule niliiachia darasa la nane, mengine nimeyaokota kwenye vitabu vya watu nikiwa natafuta herufi za kwanza za maneno. Kwa hiyo niruhusu niongee kwa namna ya kazi yangu, kwa kutazama neno moja likitembea.

Toleo la kwanza, ukiwa mwalimu msaidizi: raia "lazima akatae". Toleo la pili, ukiwa mkuu wa idara: raia "anaweza kukataa". Toleo la tatu, ukiwa mkuu wa kitivo: raia hayupo. Sura nzima imeondoka na viatu vyake, mahali pake kumekaa Subira, kurasa nane kamili, hazizidi hazipungui, kama kiraka kilichopimwa na fundi. Nimetunga faharasa za vitabu mia mbili, shemeji. Nimeona waandishi wakizeeka, wakitubu, wakichanganyikiwa. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona akipandishwa cheo ndani ya kitenzi.

Nimeuliza maktaba tatu kama zina nakala za zamani. Zote zinakusifu. Zinasema ulitangaza: "Lete la zamani, uchukue jipya bure." Nikasema, huyo ndiye shemeji yangu, mkono haukunjiki.

Mimi nilikuwa na nakala moja ya toleo la kwanza, ile uliyonipa kwa kazi ya faharasa. Nikampa mtoto. Mwaka jana siku ya sherehe yake, alipopandishwa daraja, ulimwambia mbele ya watu, "Lete kitabu chako mjomba akusainie." Ukaingia nacho chumbani. Ukatoka na toleo la tatu, ndani umeandika: "Kwa mpwa wangu, mwenye dhamira." Tulipiga makofi sote, na dada yako akafuta macho. Yule mtoto hakulifungua tena, maana nani anasoma upya kitabu alichokihifadhi?

Basi kama sentensi ni nzito, turudishie nakala yetu. Hiyo haina nadharia. Ni mali ya mtu.

Shemeji yako,
Mtunga Faharasa


11 Machi

Shemeji,

Lugha yako imeanza kupanda ngazi isiyo yake. Nakusamehe kwa ajili ya dada.

Nakala zote za zamani zilipelekwa kiwandani. Naambiwa zimekuwa trei za mayai. Hakuna aliyezificha, ni utaratibu wa kawaida wa uchapishaji.

Hata hivyo damu ni damu. Nimeamua kuiandikia kamati mwenyewe. Sitakuambia nimeandika nini kwa sababu mambo haya yana siri zake, lakini mwambie binti alale salama. Nimeyapima maneno kwa uangalifu mkubwa.

Usimweleze dada mambo ya kitabu cha sherehe. Atayachukua vibaya.

Profesa wa Falsafa ya Maadili na Siasa,
Mkuu wa Kitivo,
Mjumbe Mtarajiwa


16 Machi

Baba,

Shikamoo. Jana nilikaa mbele yao. Chumba kidogo, feni moja, meza ndefu ambayo mguu wake umetiwa karatasi iliyokunjwa ili isiyumbe. Mwenyekiti ni mpima ardhi mstaafu, mzee mkavu, anachora vijimstari kwenye daftari la vyumba, lile la hesabu, muda wote, huwezi kujua kama anasikiliza au anajenga nyumba yake. Bosi wangu upande huu, mimi upande ule, na wajumbe wawili ambao kazi yao ni kuitikia.

Ulisema mjomba ameandika. Kweli ameandika. Bosi ndiye aliyeisoma, kwa sauti, alivyoifurahia ungesema ni ya posa. Kurasa mbili, baba. Mjomba ameandika kurasa mbili bila kukanyaga chini. Nimenakili kipande hiki:

"Kama mjomba, naushuhudia moyo wake mwema. Kama mwanafalsafa, siwezi kuthibitisha maneno ambayo hayamo katika toleo linalotambulika. Vijana wenye bidii mara nyingine hukumbuka si kile walichokisoma, bali kile walichotamani kukisoma."

Akamaliza, akaikunja, akaniangalia. "Mjomba wako huyo?" "Ndiye." "Wa damu?" "Wa tumbo moja na mama." Akasema, "Pole." Na kinachoniuma ni kwamba alimaanisha.

Nilijitetea. Nikasema ukurasa ulikuwepo, naujua kwa moyo, nikaanza hata kuusema. Mjumbe mmoja akanikatiza: "Binti, hata mimi naweza kutunga." Mwenyekiti akainua kichwa mara moja tu, akaniuliza, "Milango mingapi ilifunguliwa?" Nikasema arobaini na mmoja. Akaandika. Wamenipa mpaka tarehe 27 nilete ushahidi, la sivyo wanafunga faili, na orodha inaondoka na sahihi ya mtu mwingine.

Sina ushahidi. Nina mjomba.

Mama asiambiwe kilichoandikwa.

Mwanao,
Karani (kwa sasa wa nyumbani)


18 Machi

Mwanangu, Bibi Maswali,

Marahaba. Futa machozi kama yapo, kisha unawe mikono, kuna kazi ya usafi.

Kwanza nikiri kosa langu. Jambo ninalokuambia leo nililiona siku ile nilipopokea kitabu. Nikakaa nalo wiki mbili. Mjomba wako ni mdogo wa mama yako, na mama yako ndiye aliyemlea. Nikataka aseme mwenyewe, asije akaambiwa amevuliwa nguo na shemeji. Nilimpa mlango wa mbele, nikampa wa nyuma, nikampa na dirisha. Amepita ukutani.

Sikiliza sasa. Alipoing'oa ile sura aliandika nyingine ya kurasa nane zilezile, ili kurasa zinazofuata zisisogee na kitabu kisipangwe upya. Hiyo ni akili. Ila mwisho wa kitabu kuna faharasa, na mjomba wako hajawahi kuiheshimu. Aliwahi kuniambia mezani, mama yako akiwepo, "Shemeji, faharasa ni kama vifungo vya ndani ya koti, hakuna anayeviona." Akaichukua kama ilivyokuwa, akaipachika. Hakuisoma. Wala asingejua kuisoma.

Kwa hiyo sura imetoka, vifungo vimebaki.

Chukua kitabu chao wenyewe, hilo toleo linalotambulika. Usiwafungulie ukurasa wa 112. Wafungulie nyuma, herufi A: "Amri dhalimu, wajibu wa kukataa, 112–119." Usihutubie. Mwandikie mwenyekiti barua fupi, mwonyeshe hapo tu, muulize kwa adabu: kama maneno haya hayakuwahi kuwemo, faharasa inaelekeza wapi?

Baba yako

Nyongeza: watamuuliza mjomba wako. Atajibu haraka. Mtu wa namna ile akiogopa hawezi kukaa kimya, na hapo ndipo ninapomngoja.


24 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu, Ofisi ya Makazi
(Nakala kwa mtuhumiwa)

Ndugu Mwenyekiti,

Nimepokea swali lako kuhusu neno lililomo katika faharasa ya kitabu changu.

Jibu ni jepesi. Faharasa hiyo haikutungwa nami. Ilitungwa na mtu asiye na shahada, asiye na mafunzo ya falsafa, ambaye nilimpa kazi hiyo kwa huruma ya kifamilia. Ni shemeji yangu, na pia, ni wajibu wangu wa kimaadili kulitaja, ni baba wa mtuhumiwa. Bila shaka alikosea ukurasa au hakuielewa hoja. Kosa moja la fundi haliwezi kuwa ushahidi dhidi ya mwandishi.

Nasikitika kwamba jambo dogo limekuchosha.

Profesa wa Falsafa ya Maadili na Siasa,
Mkuu wa Kitivo,
Mwenyekiti Mteule, Tume ya Taifa ya Maadili


28 Machi

Baba,

Shikamoo, na kaa chini kabla hujaendelea.

Ile barua ya mjomba nilipewa nakala siku mbili kabla ya kikao. Nilipofika "kwa huruma ya kifamilia" niliiweka chini nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nikarudi. Nikasoma tena: "kosa moja". Nikakumbuka ulivyokuwa ukinituma nilipokuwa mdogo niyapange makaratasi yako sakafuni, na ulivyokuwa ukifoka nikikuletea neno peke yake: "Neno haliishi peke yake, tafuta ndugu zake!" Nikachukua penseli, nikaanza herufi A mpaka herufi Z, neno kwa neno, natafuta ukurasa wowote kati ya 112 na 119.

Kumi na moja, baba.

Jana bosi alianza kwa madaha. Akasoma barua ya mjomba, akaikazia ile "asiye na shahada" mara mbili. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, fundi kakosea, na binti wa fundi kajifunika kosa la baba yake. Hapa hatuna kesi, tuna ukoo." Wale wawili wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza nina la kusema. Nikasema naomba nisome faharasa. "Yote?" "Maneno kumi na moja." Bosi akasema huu ni mchezo. Mwenyekiti akasema, "Soma kwa kufuata kurasa, siyo herufi." Akafungua ukurasa mpya wa daftari lake la vyumba.

Nikasoma. "Amri dhalimu, wajibu wa kukataa, 112 hadi 119. Dhamira, si hisia tu, 112. Utii, mipaka ya, 113. Hofu, kama kisingizio, 114. Karani, mfano wa, 115." Hapo mjumbe mmoja aliacha kutafuna kalamu. "Sahihi, uzito wa, 115. Watoto wa kulisha, hoja ya, 116. Wengine wangesaini, hoja ya, 117. Wengine wangesaini, jibu kwa hoja ya, 117. Kukataa, gharama ya, 118." Na la mwisho, baba, nilishindwa kulisoma bila kutabasamu, Mungu anisamehe: "Subira, inapogeuka kuwa woga, 119."

Mwenyekiti akafungua ukurasa wa 119 wa kitabu chao. Akausoma kwa sauti: "Subira haijawahi kumdhuru mwenye nayo." Akakifunga. Akamwambia bosi, "Nimepima mashamba miaka thelathini na nne. Nikikuta jiwe moja mahali pasipo pake, nasema watoto wamelichezea. Nikikuta mawe kumi na moja yamesimama mstari mmoja, nasema hapa palikuwa na ukuta, na kuna mtu kaubomoa." Bosi akasema, "Lakini Profesa mwenyewe anasema..." Mwenyekiti akasema, "Profesa ndiye mwenye shamba. Mwenye shamba simuulizi mpaka uko wapi."

Kosa la kudanganya limefutwa. La kukataa amri nimepewa onyo la maandishi, nimelisaini kwa furaha. Na kwa kuwa mimi si mwongo, taarifa yangu ya milango inabaki kwenye faili, na orodha haiwezi kwenda popote mpaka ikakaguliwe upya. Mwenyekiti ameomba ukaguzi aufanye yeye, Jumatatu, pamoja na bosi. Alipokuwa akitoka alimwambia, "Vaa viatu vya kutembelea."

Nimerudi kwenye meza yangu. Kuna mtu alikuwa amenichukulia kiti.

Mama nimemwandikia mwenyewe. Nimemtumia nakala za barua za mjomba kwa kamati na zangu, nikamwambia zilizobaki unazo wewe. Nisamehe. Nilichoka kumficha mtu mzima.

Mwanao,
Karani


7 Aprili

Shemeji mpendwa, na familia yote,

Hongereni! Nilijua tangu mwanzo ukweli utajitetea wenyewe, ndiyo maana sikutaka kuuingilia. Wakati mwingine mlezi wa kweli ni yule anayejizuia.

Bila shaka mmesikia redioni kwamba nimethibitishwa kuongoza Tume. Nimepokea kwa unyenyekevu.

Sasa nina jambo la heri. Magazeti yameandika habari za "karani aliyegonga milango", na mchapishaji anaona huu ni wakati mwafaka wa toleo la nne. Nimekubali kuirudisha ile sura. Nitaiita "Sura Iliyorejeshwa", na katika utangulizi nitaeleza jinsi nilivyoiweka kando kwa muda ili jamii ikomae kuipokea. Kitenzi kitakuwa "anapaswa kukataa", ambacho nadhani kitawaridhisha wote.

Naomba ruhusa kitabu nikitabaruku kwa jina la mpwa wangu, kama mwanafunzi wangu wa kwanza. Picha yetu wawili itafaa sana, ile ya siku ya sherehe.

Nawe shemeji, kazi ya faharasa ni yako, kama siku zote. Safari hii tuwe waangalifu.

Nitakuja Jumapili tulizungumze mezani.

Wako,
Profesa wa Falsafa ya Maadili na Siasa,
Mkuu wa Kitivo,
Mwenyekiti, Tume ya Taifa ya Maadili


10 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Mume wangu ameisoma akacheka mpaka akakohoa, akaniwekea juu ya cherehani. Akasema, "Hii ni ya kwenu." Kwa hiyo najibu mimi.

Mwanangu amekataa jina lake. Picha pia amekataa. Mume wangu amekataa kazi. Anasema ana kitabu cha ufugaji nyuki mkononi na nyuki wanamnyoosha zaidi. Hayo ndiyo majibu, sina ya kuongeza juu yake.

Nimesoma barua zote, miwani nimevaa. Nilikuwa nakungojea useme kwamba ulibanwa, kwamba uliogopa, kwamba ulitaka kile kiti. Ningekuelewa. Wewe nimekubeba mgongoni, najua uzito wako. Lakini kila barua umejitoa safi. Hata hii ya mwisho umejitoa safi, na sisi ndio tuliokomaa.

Unasema unakuja Jumapili. Njoo. Wewe ni ndugu yangu na sahani yako ipo. Ila nikuambie mapema, usije ukashtuka.

Tangu upate shahada ya kwanza, nyumba hii haikukata neno bila kusema, "Ngojeni Profesa aje." Tulipogombana na jirani juu ya maji ya mvua, tulikungoja. Mtoto alipotaka kuacha kazi ya kwanza, tulikungoja. Chakula kilikuwa kikipoa tukikungoja utuambie lililo sawa na lisilo sawa, na ulikuwa ukituambia, ukiwa umeshika kidevu, nasi tulikuwa tukitoka mezani tumenyooka.

Jumapili iliyopita muuguzi wa jirani alikuja analia. Kazini wamemwambia aandike kwamba mgonjwa alipewa dawa saa mbili, na haikuwa saa mbili. Akauliza afanyeje. Wote tukageuka kutazama kiti chako. Ni mazoea tu. Kisha mume wangu akasema, "Haya, sisi tunaonaje?" Tukaona. Kila mtu akasema lake, mpaka watoto. Tulimaliza kabla chai haijapoa, akafuta macho, akaenda zake akijua la kufanya. Sidhani kama tulikosea.

Kwa hiyo njoo ule, mdogo wangu. Kiti tumekisogeza karibu na dirisha, kuna upepo mzuri. Tutakuuliza habari za safari, na kama chumvi imetosha.

Ni mimi,
Dada yako